Diski ya Kutoa na Diski ya Kujumlisha

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Mwalimu mmoja wa Kiswahili katika shule ya upili mjini Kisumu aliiamini methali hii kwa zaidi ya miaka ishirini. Aliifundisha madarasani, na hata akaiandika kwa wino mweusi kwenye mlango wa kabati lake la mbao. Ndani ya kabati hilo hamkuwa na pesa wala hati za shamba. Mlikuwa na kaseti za video, na baadaye diski, zenye vipindi vya Kiswahili alivyovinasa kutoka kwenye runinga tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mnamo Julai 2015 alilifungua kabati hilo mbele ya mwanafunzi aliyekuwa amesafiri usiku kucha kutoka Nairobi, akagundua kuwa sehemu kubwa ya akiba yake ilikuwa imeoza.

Mwanzo wa akiba hiyo ulikuwa wa kawaida. Mwalimu alinunua mashine ya video kwa mkopo wa chama cha ushirika. Kila kipindi cha Kiswahili kilipokaribia katika runinga ya KBC, alitia kaseti ya VHS ya dakika 180, akaketi kwenye stuli kidole kikiwa juu ya kitufe cha kusimamisha, ili matangazo ya biashara yasimlie nafasi. Kwa njia hii alinasa Vitimbi, Vioja Mahakamani na Tausi. Wenzake walidhani kuwa ni mapenzi ya vichekesho tu. Yeye alikuwa na sababu nyingine. Vitabu vya kiada vilimpa Kiswahili kilichofuliwa na kupigwa pasi. Katika vipindi hivi alikiona Kiswahili kikivaliwa. Wahusika walizungumza kwa lafudhi za nyumbani kwao, wakakatizana, wakachanganya heshima na ukali katika sentensi moja. Mwanafunzi angeweza kuikariri fasili ya kejeli mara kumi asiielewe, kisha akaielewa mara moja kwa kumtazama Mzee Ojwang akinyamaza tu baada ya kuulizwa swali.

Kufikia mwaka 2004 kaseti zilikuwa zimeanza kuzeeka. Unyevu wa ziwa uliziotesha ukungu mweupe, na picha zikakatwa na mistari. Ilivyo ni kwamba utepe wa VHS umepakwa unga wa sumaku, na kila unapopitishwa kwenye kichwa cha mashine huchakaa kidogo. Nakala yake huwa hafifu kuliko kaseti mama, na nakala ya nakala huwa hafifu zaidi. Mwalimu alizitia kaseti kumi katika mkoba, akaabiri basi hadi Nairobi, akamtafuta fundi mmoja wa River Road aliyesifiwa kwa kazi ya kuhamisha kaseti kwenye diski.

"Unataka VCD, DVD ama faili za kompyuta, mwalimu?" fundi alimuuliza.

"Nataka iliyo bora, kijana wangu."

"Hakuna bora hivi hivi, mwalimu. Nani atatazama, na ana mashine gani?"

Swali hilo lilikuwa na hekima kuliko alivyolitarajia. Fundi alimfafanulia kwa subira. VCD, iliyobuniwa mwaka 1993, hutumia sidii ya kawaida na huchukua takriban dakika 80 za picha. Kwa kuwa kipindi cha nusu saa kikiondolewa matangazo hubaki dakika 25 hivi, sidii moja ingebeba vipindi vitatu. Picha yake ina nukta 352 kwa 288, ambayo ni kidogo ikilinganishwa na nukta 720 kwa 576 za DVD, lakini kaseti ya VHS nayo haina umaizi mkubwa zaidi ya huo. Kasoro ya VCD hujitokeza pale wahusika wanapokimbia au kupigana, picha inapovunjikavunjika kuwa viraba. Fadhila yake ni kwamba wakati huo mashine za kuichezesha zilikuwa zimeenea hata katika mitaa ya watu wa kipato cha chini.

DVD ilikuwa na nafasi ya takriban baiti bilioni 4.7. Kwa picha ya kiwango cha juu ingechukua saa mbili. Hata hivyo, fundi alimshauri kuwa si busara kumimina maji ya kikombe katika pipa. Maadamu chanzo chenyewe kilikuwa VHS, picha ingeweza kupunguzwa upana hadi nukta 352 kwa 576 bila hasara ya kuonekana, na diski moja ikachukua saa nne, yaani vipindi tisa. Ama faili zilizobanwa, ambazo vijana walibadilishana wakati huo, zilikuwa na desturi yake: kipindi cha nusu saa kilibanwa hadi megabaiti 175 ili vinne vitoshee katika sidii moja ya megabaiti 700. Lakini aliyepewa sharti awe na tarakilishi, au mashine mpya inayozifahamu faili hizo.

Mwalimu alichagua DVD. Hapo likazuka swali la pili.

"Mainasi ama plasi?"

Kulikuwa na aina mbili za DVD ya kuandikwa mara moja. DVD-R ilitangulia, ikatolewa na kampuni ya Pioneer mwaka 1997. DVD+R ilifuata mwaka 2002, ikiwa zao la kundi jingine la makampuni ambamo Philips na Sony walikuwamo. Kwa macho hazitofautiani. Tofauti imo katika jinsi njia ya mwale wa leza ilivyowekewa alama ndani ya diski, na katika mashine zinazozikubali. Mashine nyingi za zamani za sebuleni ziliisoma ile ya kwanza kwa urahisi zaidi. Ile ya pili ilikuwa na faida zake katika uandikaji, na baadhi ya mitambo iliweza kuipa utambulisho wa diski ya kiwandani ili ikubalike na mashine zilizoikataa.

Mwalimu, kwa mazoea ya darasani, alizitafsiri papo hapo kwa Kiswahili cha hesabu: diski ya kutoa na diski ya kujumlisha. Fundi alicheka. Mwalimu hakucheka, kwani majina hayo yalimpa mpango. Diski za kutoa, kwa kuwa zilikubalika katika nyumba nyingi, angewapa watu. Diski za kujumlisha zingekaa kabatini mwake.

Mtu wa kwanza kupewa alikuwa mfanyabiashara mmoja wa Mombasa ambaye walijuana katika kongamano la Kiswahili. Bwana huyo alipenda mashairi na taarabu, na alikuwa na jamaa Unguja aliyemnasia maonyesho ya taarabu kutoka Televisheni Zanzibar. Wakaanza kubadilishana: Vitimbi kwa taarabu, Vioja kwa taarabu. Bahasha zilisafiri kwa basi, zikaandikwa "VITABU" ili wapakiaji wasizirushe. Mombasa ilimjibu baada ya mzigo wa kwanza: "Mwalimu wangu, ahsante, lakini dada yangu aliyeko Muscat ana mashine ya VCD tu. Nifanyie na hizo, Mungu akuweke." Mwalimu alinung'unika. Kuishusha picha hadi VCD kulimwonea haya, mithili ya mpishi anayeambiwa aongeze maji katika mchuzi. Hata hivyo alizichoma VCD ishirini na kuzituma.

Mwingine alikuwa mtoto wa mwalimu mwenzake aliyekuwa akisomea Minnesota, Marekani. Kwake zilitumwa DVD safi, naye akajibu kuwa mashine yake ilizikataa katakata. Kumbe Kenya, sawa na Oman, ilifuata mfumo wa PAL wenye picha 25 kwa sekunde, ilhali Marekani ilifuata NTSC wenye takriban picha 30. Diski za kujichomea hazikuwa na vizuizi vya kanda kama zile za madukani, lakini mfumo wa picha ulibaki kuwa ukuta. Kijana huyo aliishia kuzitazama kwa tarakilishi, ambayo haikujali PAL wala NTSC. Mwalimu aliongeza sharti jingine katika daftari lake: kabla ya kuuliza mtu ana mashine gani, uliza yuko nchi gani.

Ni haki kusema kuwa suala la hakimiliki lilimkera. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 aliijua, na aliwahi kumwona mchuuzi akikamatwa na gunia la diski. Yeye hakuuza hata moja. "Ninabadilishana, siuzi," alizoea kusema, huku akitambua kuwa jibu hilo lingemridhisha rafiki kuliko wakili. Hoja iliyomtuliza ni kwamba ghala la kituo cha runinga lilikuwa na wenyewe, na mwalimu wa Kisumu hakuwa na ufunguo wake. Wanafunzi wake walikuwa na kabati moja tu.

Mnamo 2007 alishikwa na tamaa mpya. Zilikuwa zimetokea diski za kujumlisha zenye matabaka mawili, zilizobeba baiti bilioni 8.5, karibu mara mbili ya zile za awali. Zilikuwa ghali. Alizinunua chache chache kila mwisho wa mwezi, akahamishia humo vipindi vyake vyote vya Tausi, ambavyo alivithamini kuliko vyote kwa kuwa vilikuwa vimenaswa kwa kaseti mpya na antena nzuri. Zilitimia diski kumi na moja. Alizibandika karatasi za gundi zenye majina yaliyochapwa kwa herufi za kupendeza. Kisha, kwa kuwa muuzaji alikuwa amemhakikishia kuwa diski hudumu miaka mia moja, alizibeba kaseti zote nyuma ya nyumba akazichoma moto, nafasi ipatikane.

Rafiki wa Mombasa alipopata habari hizo aliomba nakala. Mwalimu alijibu kuwa angezituma akishazipanga. Aliombwa tena mwaka uliofuata, akasema diski za matabaka mawili ni ghali na angesubiri bei ishuke. Ukweli ni kwamba hakutaka. Miaka yote alikuwa ametoa, na sasa alitaka kuwa na kitu ambacho watu wangelazimika kukifuata kwake. Mwaka 2011 bwana huyo aliugua. Alipiga simu kutoka hospitalini, sauti ikiwa chini. "Mwalimu, ile Tausi yangu vipi? Huku usiku ni mrefu." Mwalimu alimwahidi kuzituma Jumatatu. Jumatatu ilikuwa na mitihani ya kusahihishwa. Ijumaa yake alipata ujumbe wa tanzia.

Tarehe 12 Julai 2015 Benson Wanjau, aliyejulikana kote nchini kwa jina la Mzee Ojwang, aliaga dunia. Katika majuma ya maombolezo hayo ndipo mwanafunzi wa uzamili alipofunga safari kwenda Kisumu. Alikuwa akiandika tasnifu kuhusu lugha ya ucheshi katika tamthilia za runinga, na mhadhiri wake, aliyefundishwa na Mwalimu zamani, alimwelekeza kwenye kabati. Mwalimu alimkaribisha chai, akajivuta hadi kabatini, akaigonga methali yake kwa kifundo cha kidole kama anayebisha hodi.

Kati ya diski 64 za DVD, 23 tu zilisomeka mwanzo hadi mwisho. Zile kumi na moja za matabaka mawili, hata moja haikukamilika. Nyingi zilifika karibu na katikati, pale mwale wa leza unapolihama tabaka la kwanza kuliingia la pili, zikakwama. Tarakilishi ya binti ilikoroma, ikatulia, ikakoroma tena. Baada ya saa tatu Mwalimu alimwambia, "Izime, mwanangu. Inaumia bure."

Chanzo cha uharibifu kilikuwa wazi kwa yeyote aliyejua diski hizi zilivyoundwa. Diski ya kiwandani huwa na vishimo vilivyopigwa chapa katika plastiki. Diski ya kujichomea haina vishimo. Ina tabaka jembamba la rangi ambalo leza hulibadilisha kwa joto. Joto jingine lolote laweza kuendeleza kazi hiyo bila kuamriwa. Kabati lilikuwa chini ya paa la mabati katika mji wenye jua kali na unyevu. Karatasi za gundi nazo ziliivuta diski upande mmoja iliponywea, na kuinyima mizani ilipozunguka. Isitoshe, zote zilikuwa zimechomwa kwa kasi ya juu kabisa, na hakuna hata moja iliyokaguliwa baada ya kuchomwa.

Mwalimu alikaa siku mbili bila kusema mengi. Siku ya tatu alitafuta daftari lake la zamani, akapata nambari ya simu ya Muscat. Dada wa marehemu aliitambua sauti yake mara moja. VCD zilikuwapo, alisema, zote ishirini. Watoto wake walijifunzia Kiswahili hapo, na mwanawe wa kiume alikuwa ameshazihamishia katika tarakilishi kwa hofu kwamba zingekwaruzika. Baada ya wiki tatu mjomba wa familia aliyekuwa akirudi Mombasa alileta diski ngumu ndogo, na basi likaifikisha Kisumu, imefungwa kwenye bahasha iliyoandikwa "VITABU". Vipindi vya Vitimbi na Vioja alivyovidharau kwa kuwa na viraba vilikuwa salama. Kutoka Marekani zilirudi faili nyingine. Tausi haikurudi kutoka popote, kwa kuwa haikuwahi kutumwa popote. Huenda vipindi hivyo vipo kwingine. Katika mkusanyiko wake havipo.

Mwanafunzi alimsimulia kuwa hata mashirika makubwa yamepitia njia hiyo. BBC ya Uingereza ilifuta kanda nyingi za Doctor Who za miaka ya 1960. Mwaka 2013 ilitangazwa kuwa vipindi tisa vilivyodhaniwa kupotea vimepatikana Jos, Nigeria, katika nakala za filamu zilizokuwa zimepelekwa vituo vya ng'ambo kuonyeshwa. Kilichobaki ni kile kilichotoka. Mwalimu hakuhitaji kwenda mbali hadi Uingereza. Tangu siku zake za chuo alijua kuwa mashairi ya Muyaka wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, yangepotea kwa wingi lau Mwalimu Sikujua hangeyakusanya vinywani mwa watu na kumpa William Taylor nakala, hadi hatimaye diwani ikachapishwa mwaka 1940. Alikuwa amelifundisha hilo kwa miaka mingi. Halikumjia akilini alipokuwa akibandika karatasi za gundi.

Siku hizi mambo yamebadilika. Kampuni ya Funai, ya mwisho kuunda mashine za VHS, iliacha kuziunda Julai 2016. Sony nayo ilikoma kutengeneza diski za Blu-ray za kuandikwa Februari 2025, na tarakilishi nyingi mpya hazina hata mlango wa kuingizia diski. Mwalimu, ambaye sasa amestaafu, bado huchoma DVD chache kwa wazee wenzake wenye mashine za zamani. Huzichoma kwa kasi ya wastani, huzikagua, huandika jina kwa kalamu laini kwenye duara la katikati lisilo na data, na huzisimamisha wima mahali penye giza na ubaridi. Vipindi vyenyewe vimo katika diski ngumu tatu: moja kwake, moja kwa mwanafunzi yule aliyekwisha kuhitimu, na moja Muscat. Kila mwaka hukaguliwa, na inayoanza kusitasita hubadilishwa.

Wageni wake huulizia aina ipi ya diski ilikuwa bora. Huwajibu kuwa alama haikuwa na hatia. Diski ya kujumlisha ingeweza kudumu, na ya kutoa ingeweza kuoza, kama zote zingeachwa chini ya mabati. Kisha huwapa hesabu aliyoipata alipokuwa amechelewa. DVD ya kutoa ina nafasi ya baiti 4,707,319,808. Ya kujumlisha ina baiti 4,700,372,992. Huwaacha wafanye hesabu wenyewe, nao hugundua kuwa ile ya kutoa ina nafasi zaidi kwa karibu baiti milioni saba.

Methali iliyokuwa mlangoni pa kabati ameifuta kwa msasa. Mahali pake ameandika nyingine, kwa wino ule ule mweusi: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.